Mikono Isiyokuwepo

Kerubo alikwisha kuajiriwa na wake waliotaka kujua waume zao wanalala wapi, na waume waliotaka kujua wake zao wanampigia nani simu bafuni. Aliajiriwa hata na kanisa moja alitafutie anayekula keki za harusi kabla bwana harusi hajafika. (Alikuwa mzee wa kanisa. Tuyaache.) Lakini mteja aliyetaka apatiwe ushahidi kwamba hana wazimu, huyo alikuwa wa kwanza.

Mteja mwenyewe alikaa kando ya dirisha la fleti yake, katika jengo la wazee la mji wa New Hope, ughaibuni, amevaa sweta mbili na lipstiki nyekundu. Jina lake Nkirote. Wazungu wa jengo lile walimwita Misi Kiroti, naye aliitika bila kinyongo. Nje theluji ya Machi ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi kama masizi, na magari yamepakaa chumvi ya barabarani hata hujui lipi jekundu lipi la kijivu.

"Usikae hapo," alisema. "Kaa huku. Hapo mwanga unakutia makunyanzi ambayo bado hujafika umri wake."

Kerubo akahama kiti. Alikuwa mtoto wa Kikisii aliyezaliwa na kukulia Mombasa, kwenye nyumba za reli za Makupa, na kabla ya kupata leseni ya upelelezi alikuwa akichunguza madai ya bima katika ofisi moja ya mji wa jirani, Eden Prairie. Bima ilimfundisha jambo moja: usimwulize mtu kama anasema kweli, mwulize jambo ambalo halionekani kwenye picha.

"Nisimulie tena, Mama."

"Si nilikusimulia Jumatatu?"

"Nisimulie kama vile Jumatatu haikuwepo. Mwongo akirudia hadithi huipamba."

"Na mwenye wazimu?"

"Sijui bado. Wewe ndiye wa kwanza."

Mama Nkirote alicheka mpaka miwani ikateleza puani. Kisha akasimulia, na Kerubo akasikiliza kama asikilizaye redio ya jirani, kichwa kimeinama.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Yeye msichana wa misheni kutoka Meru, kashuka Mombasa kufanya kazi ya taipu katika ofisi ya mizigo ya Kilindini. Siku za kazi alipiga taipu. Jumamosi mchana alipigwa picha. Matangazo ya magazeti: magauni, viatu, mwavuli, siku moja hata maziwa ya unga, ingawa maziwa yenyewe hakuonjeshwa. Studio ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa, Barabara ya Salim. Mpiga picha alikuwa Mgoa mwembamba mwenye kasuku, na kazi ya kasuku yule ilikuwa kupiga kelele, "Kidevu juu! Kidevu juu!" hata wageni wengine wakadhani ndiye mwenye studio.

"Pazia la nyuma lilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Kijani cha ndimu."

"Na taa?"

"We! Taa mbili, kali kama jua la saa sita. Ukifumba macho unaona wekundu mtupu."

"Nguo zilikukaa vizuri?"

"Thubutu. Nguo zote zilikuwa kipimo kimoja, cha mke wa mwenye duka, Mungu amrehemu mama yule na mwili wake. Mimi nilikuwa mwembamba kama fimbo ya ufagio. Basi rinda linakusanywa mgongoni na kubanwa kwa vibanio vya nguo. Mbele malkia, nyuma kamba ya kuanikia."

Kerubo akatoa simu yake. Ndani yake mlikuwa na picha ya picha: tangazo la gazeti, jeusi na jeupe, limetiwa fremu na kutundikwa ukutani kwa watu. Msichana kavaa rinda la krimplini lenye mikono mipana kama pazia. Kidevu juu, macho mbali, kana kwamba kamwona mkwe asiyemtaka akija na mizigo. Nywele zimechomwa kwa chanuo la moto na kupelekwa nyuma ya sikio. Viganja viwili vimeinua ncha ya kitambaa mpaka shavuni, na viganja hivyo vimepakwa hina, maua na majani mpaka kwenye kifundo. Kidoleni pete yenye kito kipana. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kimepinda kama ndoana. Chini pameandikwa: Idi Njema, Vitambaa Vipya Vimewasili.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi."

"Nionyeshe kidole chako cha mwisho."

Mama Nkirote akanyoosha mkono. Kidole kilikuwa kimenyooka kama msumari mpya.

"Na hiki kilichopinda?"

"Mikono niache. Uliza uso."

"Uso umekuwa vitone vya gazeti, Mama, na miaka nayo imekwisha kufanya kazi yake. Mikono ndiyo inaonekana. Mikono hii ndiyo itakayokufungia mlango."

"Nilikwisha kumwambia mwanangu Timothy, nikamwambia na nesi wa jengo hili. Mikono yangu haikuwepo siku ile." Akafunga mdomo wenye lipstiki kama mtu afungaye mkoba, na zaidi ya hapo hakutoa kitu ila chai.

Kwenye ukumbi, karibu na lifti, mwanawe alikuwa akisubiri. Timothy alikuwa mfamasia, mtu mpole wa Eden Prairie mwenye koti zuri na macho ya asiyelala.

"Dada Kerubo, hebu niambie ukweli. Amekuambia habari za mikono?"

"Ameniambia."

"Umeona sasa? Maisha yangu yote sijawahi kusikia mambo ya umodo, eti kupigwa picha za magazeti. Ameanza mwaka huu, nesi alipomuuliza ujana wake. Sawa, nikasema, ni stori tamu. Halafu nikapita kule mji wa Savage, kwenye duka la Waswahili, nachukua nazi. Picha hiyo iko ukutani. Nauliza, mwenye duka ananiambia ni nyanya yake. Na nyanya mwenyewe amekaa hapo chini ya picha! Pete ni ile ile. Kidole ni kile kile. Nikaipiga picha, nikamletea Mum. Akasema, huyo ni mimi. Nikamuuliza, na kidole? Akaniambia mikono yake haikuwepo." Timothy akajipangusa uso. "Ungefanya nini wewe?"

"Hamna picha zake za usichana?"

"Ziliungua na nyumba huko Meru kabla sijazaliwa."

Mkononi alikuwa akizungushazungusha ufunguo wenye utepe mwekundu. Kerubo akautazama.

"Ni wa hapa kwake," Timothy alisema, sauti imeshuka. "Niliuchukua. Alitoka kutembea kwenye barafu peke yake. Ijumaa nasaini ahamie ghorofa ya chini, kwa wale wanaosahau. Mlango wa kule unafunguka kwa namba, na namba wanazo manesi tu. Usifikiri napenda."

"Nikikuletea ushahidi kabla ya Ijumaa?"

"Ushahidi gani, Dada? Kwamba mikono yake ilienda likizo?"

Kutoka ndani ya fleti, mlango umefungwa kabisa, sauti ikawafikia: "Nakusikia, Timothy! Masikio yangu yapo!"

*

Kerubo akateremka na barabara ya mia moja sitini na tisa, kusini, mpaka ng'ambo ya mto. Savage hakuna mtu aendaye kutembea. Watu huenda kununua kitu au kutengenezewa gari. Duka lilikuwa kati ya gereji na ghala la nafaka, na ukifungua mlango tu, harufu ya udi inakupokonya baridi mabegani. Leso zimekunjwa mpaka darini, madera yananing'inia, nazi za barafu kwenye friza, halwa kwenye sinia.

Mwenye duka, kijana mwenye ndevu za kuchongwa aitwaye Abdulhadi, aliona macho yake yalikoelekea.

"Umeona nyanya yangu?" akasema, kifua mbele. "Modo, huyo. Enzi zake, Mombasa nzima! Nairobi walimtaka, akakataa. London walimwita."

"London tena?"

"Walimwandikia."

"Wiki iliyopita ilikuwa Nairobi tu," ikasema sauti kutoka kwenye kiti cha mkono kilichokuwa chini ya fremu. "Ngoja Ramadhani ifike, nitakuwa nimekwenda mwezini."

Bi Khadijah alikuwa mwanamke mfupi, mnene, amejitanda mtandio wa rangi ya zabibu. Mikono, yenye hina iliyofifia, ilitulia juu ya mapaja kama paka wawili. Kerubo hakuhitaji kuinama: pete ya kito kipana, na kidole cha mwisho cha kulia kimepinda vile vile, ndoana kwa ndoana. Kesi ya mteja wake ilikuwa imekaa pale kitini, inamtazama, na imekwisha kushindwa.

"Shikamoo, Bi Khadijah."

"Marahaba, mwanangu. Kiswahili chako kina maji ya wapi?"

"Makupa. Nyumba za reli."

"Aa, mtoto wa reli! Kaa kitako. Umekuja kununua au umekuja kuchungua?"

"Vyote viwili. Nipe kwanza robo ya halwa." Abdulhadi akashika kisu, na Kerubo akakaa. "Nimependa picha yako. Hebu nikuulize. Pazia la nyuma lilikuwa rangi gani?"

Hilo halikuwa kwenye gazeti. Gazeti lilikuwa jeusi na jeupe, na mwizi wa hadithi angesema bluu, au angesema amesahau.

"Kijani," Bi Khadijah alisema palepale. "Kama ganda la ndimu."

Kerubo alimeza halwa polepole kuliko ilivyohitaji.

"Mlikuwa na Mgoa tu studioni?"

"Mgoa na kasuku wake, laana ya kasuku yule. 'Kidevu juu, kidevu juu!' Nikicheka natikisika, Mgoa anafoka, 'Mikono itulie!' Basi nacheka zaidi."

Hapo Kerubo aliweka kisahani cha halwa chini. Wanawake wawili, pazia moja, kasuku mmoja. Hakuna aliyemwibia mwenziwe hadithi: wote wawili walikuwa ndani ya chumba kile. Lakini msichana kwenye fremu alikuwa mmoja, na kidole kilikuwa cha huyu.

"Na zile taa, Bi Khadijah? Zilikuumiza macho?"

"Taa gani, mwanangu? Palikuwa giza tupu. Giza na joto, na harufu ya poda mpaka nikashikwa na chafya."

Abdulhadi akacheka akiwa na kisu hewani. "Nyanya! Studio yenye giza picha itatokaje?"

Bi Khadijah akamtazama mjukuu wake, kisha akamtazama Kerubo, na kitu fulani kikajifunga usoni mwake. "Nimechoka," akasema. "Mfungie mgeni halwa yake."

*

Kerubo alikaa garini, injini inaunguruma, kipasha joto kinampulizia magotini. Akaifungua picha simuni na kuikuza kwa vidole viwili. Kosa lake, na la Timothy, na la kila aliyeingia duka lile kununua nazi, lilikuwa kutazama mikono. Mikono ilikuwa imependeza mno. Alihama, akaenda kwenye sikio.

Herini ilikuwa kubwa, ya mviringo, kama kifungo cha koti. Imebana tu, haikupitishwa tunduni. Juu yake ukingo wa sikio ulikuwa laini mzima mzima, hauna hata alama ya sindano.

Wasichana wa Kiswahili aliosoma nao Kerubo walitogwa masikio kabla hawajaota meno. Tundu chini, na mengine yamefuatana juu kwenye ukingo kama taa za barabarani. Hakuna mama wa Mombasa wa wakati ule ambaye angemwacha binti yake awe na sikio kama hilo. Angeulizwa kama mtoto ni wa kuokota. Walioachwa na masikio mazima walikuwa wasichana wa misheni, ambao walimu wao waliona tundu la sikio ni mlango wa shetani.

Akarudi kwenye viganja. Hina ya maua mpaka kifundoni. Naye mwari, Kerubo alijua kutoka vibaraza vya Makupa, hapakwi hina kama hiyo kabla ya kuolewa. Akipakwa, mtaa mzima utauliza kaolewa lini na kwa nini haukualikwa biriani. Mwenye duka la vitambaa angetoa tangazo la Idi, mbele ya wanawake wale wale wanunuao kwake, akiwa na mwari wa kupakwa hina? Angefunga duka mwenyewe.

Kwa hiyo: sikio la msichana wa misheni, mikono ya mke wa mtu. Mmoja alipofushwa na taa. Mwingine alikuwa kwenye giza, joto na harufu ya poda. Poda ilikuwa shingoni kwa nani? Na rinda lenye mikono mipana kama pazia, lililobanwa mgongoni...

Kerubo akazima injini.

"Umesahau kitu?" Abdulhadi aliuliza.

"Ndiyo. Bi Khadijah, niwie radhi. Naomba nione sikio lako."

Mkono wa Bi Khadijah ukapanda kwenye mtandio, ukaushika.

"Abdulhadi," Bi Khadijah akasema. "Funga mlango."

"Nyanya, huu ni wakati wa wateja."

"Nimesema funga."

Mlango ukafungwa. Bi Khadijah akasogeza mtandio kidogo tu, kama mtu anayefunua chungu. Tundu chini, na juu yake matundu mengine yamepanda kwenye ukingo, moja baada ya jingine. Kisha, kabla Kerubo hajafungua mdomo, yeye ndiye aliyeuliza.

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Nkirote? Nkirote wa taipu, mwanya hapa mbele, mcheshi?"

"Mwanya bado upo. Yuko New Hope. Kwa gari ni mwendo wa kumaliza kikombe cha chai."

Bi Khadijah akajipiga paja. "Na mie nimekaa hapa chini ya uso wake miaka yote hii!" Akacheka, akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na kucheka tena. "Nilikuwa mke mpya wa Abdulswamad. Mtu mzuri, lakini dirisha likiwa wazi anakohoa. Nkirote alikuwa jirani yangu, chumba cha uani. Mwenye duka anataka uso wa kisasa na mikono ya kwetu. Uso anao. Mikono ataitoa wapi? Nkirote akaniambia, 'Dije, nikopeshe mikono yako, nami nikufichie.' Nikaenda na buibui langu, nikasimama nyuma yake, nikapitisha mikono ndani ya mikono ya rinda, kitambaa kimenigubika. Yeye mikono yake nyuma, kashika vibanio visifyatuke. Pua yangu mgongoni kwake, natafuna poda."

"Na pete?"

"Ya arusi. Ilikataa kutoka." Akaitazama. "Tukaapizana. Abdulswamad angejua, angeniacha asubuhi ile ile na chai mezani. Kisha akahamishiwa Lamu, mie nikahama naye, na Nkirote sikumwona tena."

Abdulhadi alikuwa ameshika ukingo wa kaunta. "Kwa hivyo wewe ni mikono tu?"

"Mikono tu? Mikono tu ndiyo iliyokuogesha wewe." Kisha akamgeukia Kerubo, sauti imelainika. "Wajukuu ndio walioikuta picha kwenye kasha langu, wakaiona pete. Wakasema, Nyanya, ulikuwa mzuri hivi? Wewe ungekataa?"

"Nisingekataa," Kerubo alikiri. "Lakini kuna jambo jingine. Mwanawe anataka kumweka kwenye mlango wa namba. Ijumaa. Kwa sababu amesema mikono yake haikuwepo siku ile, na hataki kusema ilikuwa ya nani."

Kicheko cha Bi Khadijah kikakatika kama uzi.

"Hajasema mpaka leo?"

"Hajamwambia mwanawe, wala mimi aliyenituma."

Bibi akakizungusha kile kidole kilichopinda kwa vidole vya mkono wa pili. Halafu akainuka kitini, na haikuwa kazi ndogo. "Abdulhadi. Nishushie lile dera la krimu. Hapana, lile kubwa. Lenye mikono."

*

Ijumaa, watu wakiwa wametoka msikitini, Timothy alikuwa mezani kwa mama yake, karatasi mbele na kalamu juu yake. Mama Nkirote alikuwa dirishani na lipstiki yake. Alikuwa amekwisha kufunga picha za wajukuu kwenye sanduku, na birika, na saa ya ukutani, na ukuta ulibaki na alama nyeupe pale saa ilipokuwa.

Kerubo alibisha hodi na kuingia. Nyuma yake akaingia mwanamke mfupi, mnene, mwenye mtandio wa zabibu, akihema kwa ajili ya ngazi ambazo hakuzipanda, maana lifti ilikuwapo.

Mama Nkirote hakumtazama usoni. Uso ulikuwa mgeni kwake. Alitazama mkono ulioshika mkoba, akashuka mpaka kidole cha mwisho, na hapo akabaki.

"Kidevu juu," akasema Bi Khadijah, kwa sauti ya kasuku hasa.

"Dije?"

"Ndiye mie."

"Mumeo je?" Mama Nkirote alinong'ona, na macho yakaenda mlangoni, kana kwamba Abdulswamad angeweza kuwa anaegesha gari.

"Kafa zamani, Mungu amrehemu. Maskini, kafa hajui."

Waliyofanya baada ya hapo hayaandikiki. Mmoja alilia, mwingine akamcheka kwa kulia, kisha wakabadilishana. Timothy alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Dada Kerubo, nani huyu?"

"Mikono," alisema Kerubo. "Sogea hapa. Tazama sikio la mama yako. Umelitazama lini mara ya mwisho?" Akaweka simu kando ya shavu la Mama Nkirote. "Hamna tundu. Hapa kwenye picha pia hamna tundu, herini imebana. Sasa tazama la Bi Khadijah. Hiyo hina ni ya mke wa mtu, na mama yako alikuwa msichana. Wote wawili wameniambia pazia lilikuwa kijani, kila mmoja peke yake, na hakuna gazeti lililowaambia. Mama yako aliona taa. Huyu aliliona pazia alipoingia, lakini taa zilipowaka hakuona kitu, kwa sababu alikuwa nyuma."

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma yangu, mwanangu," alisema Mama Nkirote. "Ndivyo tulivyofanya kazi. Mbele uso, nyuma watu."

"Mum, ungeniambia tu!"

"Ningekuambia, ungemwambia nesi, nesi angeandika. Niliapa kwamba mtu huyu hataachwa kwa ajili yangu."

"Ungewekwa kule chini!"

"Najua. Nilikwisha kufunga birika."

Timothy aliiangalia karatasi, akaiangalia picha, akamwangalia mama yake. Alikuwa mtu wa vipimo, na bado mizani yake ilikuwa inatikisika. Bi Khadijah akaiona. Akafungua mkoba, akatoa dera la krimu, akalikung'uta.

"Mtoto huyu wa chuo," akasema. "Hebu tumwonyeshe."

Mama Nkirote akavua sweta moja, akavaa dera, akakaa kitini kiubavu. Lilikuwa pana la kutosha harusi nzima. Kerubo akalikusanya mgongoni. Vibanio havikuwepo, kwa hiyo Mama Nkirote mwenyewe akapeleka mikono nyuma, akalishika. Bi Khadijah akavuta stuli ya jikoni, akaketi nyuma yake, akaingiza mikono kwenye mikono ya dera.

"Unanukia poda ile ile," ikasema sauti yake kutoka gizani.

"Nyamaza. Utanichekesha."

Mama Nkirote akainua kidevu. Macho yakaenda mbali, juu ya maegesho na theluji nyeusi, mpaka pale anapokuja mkwe asiyemtaka na mizigo yake. Mikono ikapanda, ikashika ncha ya kitambaa, ikaipeleka shavuni. Pete, maua ya hina yaliyofifia, kidole kimepinda.

Timothy aliinua simu kando ya uso wa mama yake, akatazama huku na huku. Akaiweka simu chini. Kisha akaichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili na kuitia mfukoni, na katika mfuko ule ule akatoa ufunguo wenye utepe mwekundu.

"Mum," akasema. Akamnyooshea. "Chukua."

"Siwezi," alisema Mama Nkirote, kidevu juu, bila kusogea hata unywele. "Mikono yangu haipo."

Ndipo mkono wa kulia ukaacha kitambaa, ukatoka mbele taratibu, ukapapasa hewa, na kile kidole kilichopinda kikaunasa utepe.